Kitabu cha Trauti na Mpaka wa Kaka Yangu

Saa kumi jioni ndiyo iliyokuwa ikinisumbua. Asubuhi nilikuwa na ng'ombe wa kukama na nyasi za kukata, na mchana kulikuwa na chakula na usingizi wa kujilazimisha. Lakini ikikaribia saa kumi mwili wangu ulikumbuka mahali ulipozoea kuwa saa hiyo, na mahali penyewe palikuwa na viti vya plastiki, televisheni iliyotundikwa juu, na watu walioniita kwa jina la utani hata kabla sijaketi. Nilikuwa nimeacha pombe miezi minne.

Niliacha baada ya kupindua lori la nyanya nikitoka Kagio, nikiwa nimelewa chakari saa tano asubuhi. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Mwenye lori alifika, akanyoosha mkono nimpe ufunguo mbele ya wanawake waliokuwa wakiokota nyanya barabarani, na tangu siku hiyo sijashika usukani. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mtu wa barabara: viazi vya Timau, nyanya za Kagio, mchele, kabichi, chochote kilichoweza kufungwa turubai. Sasa nilikuwa mtu wa kiti cha mbao sebuleni. Nilikaa nikitazama ukuta, na mguu wangu wa kushoto ukakanyaga klachi ambayo haikuwepo, mpaka mke wangu akaniomba nihamie kiti kingine kwa sababu nilikuwa nachubua simiti ya sakafu.

Mke wangu si mtu wa maneno mengi. Nilipotoka hospitali baada ya ajali ile alinipa sentensi moja, akaniambia nikirudi kwenye baa nisimtafute hapa nyumbani. Nilijua hatanii. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshakwenda kwa binti yetu anayeishi Nanyuki wiki tatu nzima, na wiki hizo tatu nilikula ugali na chumvi kwa sababu sikujua sukuma wiki inakatwa vipi.

Mshauri wa kliniki ya kuachisha pombe, kijana mwenye sauti ya upole iliyonikera, aliniuliza hobi yangu ni ipi. Nikamwambia ni kuendesha lori. Akasema hiyo ni kazi. Nikafikiri tena, nikamwambia ni kwenda mazishi. Hakucheka, akaandika. Nilimaanisha. Mwanamume wa rika langu huku Nyeri ana shamba, ana ng'ombe, ana mikutano ya ushirika wa kahawa, ana mazishi, halafu ana baa. Hobi ni kitu ambacho watoto wetu huandika wakiomba kazi. Kijana akasema nitafute kitu cha kufanya nje ya nyumba, kitu cha mikono na miguu, hasa katika zile saa ngumu.

Maktaba ya mjini niliingia nikikimbia mvua, na nikikimbia mlango mwingine uliokuwa karibu zaidi. Ilikuwa saa tisa unusu. Ndani mlijaa wanafunzi waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani, kimya, na harufu ya sweta zilizoloa. Msichana wa kaunta aliniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ukweli, kwamba nataka kitabu cha kumtoa mwanamume nyumbani. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Mzee, si wanaume wote wa Nyeri wako nje tayari?" akasema. "Nyumbani ndio hawakai."

Hata hivyo alinipeleka mpaka nyuma kabisa, kwenye rafu ya chini, mahali palipokuwa na vitabu vilivyoachwa na wazungu wazee waliokuwa wakihama au kufa. Vilikuwa vitabu vya burudani za wanaume wa nje: kupanda milima, kutazama ndege, kulala hemani, kulenga shabaha kwa upinde, kufunga mafundo ya kamba, kuvua trauti. Karatasi ya mihuri iliyobandikwa ndani ilionyesha kwamba kimoja kiliazimwa mara ya mwisho kabla kitinda mimba wangu hajazaliwa. Picha zake zilijaa wanaume wenye kiko mdomoni na soksi za kufika magotini, wakitabasamu karibu na samaki aliyekufa. Hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Nilijiuliza ni nani alikuwa akiwakamia ng'ombe.

Nilichukua viwili, kwa sababu viwili ndivyo vinavyoruhusiwa, nami nikawa ninavisoma nikitembea shambani, maana kuketi nilishindwa. Nilianza na ndege. Kitabu kilisema mtu asimame kimya nusu saa bila kutikisika, awaache ndege wamzoee. Mimi nilimudu dakika tatu. Tena nilikuwa nimeazima darubini kwa mwalimu mstaafu, na nilipoielekeza kwenye miti iliyo ng'ambo ya ua, mama jirani alitoka jikoni na mwiko mkononi, akadhani ninapima ardhi, akaniuliza ni nani anauza shamba. Nikamwambia natazama ndege. Akasema sawa. Kabla ya jua kutua watu watatu walikuwa wameshamuuliza mke wangu kama tunauza, na mmoja alitaka kujua kama tutakubali kulipwa kwa awamu. Darubini niliirudisha kesho yake.

Halafu nikachukua kitabu cha milima. Mlima wenyewe nimeuona kila asubuhi ya maisha yangu kutoka mlango wa jikoni, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu huenda kule juu kupumzika. Babu yangu aliuelekea akiomba. Kitabu kilikuwa na kurasa nne kuhusu soksi peke yake. Nilivaa gambuti nikaenda upande wa pili, hadi ukingo wa msitu wa Nyandarua, nikafuata waya wa umeme unaozuia ndovu, mpaka askari wa msitu akanisimamisha akauliza natafuta nini. Nikasema sitafuti kitu. Hapo ndipo aliponishuku kabisa, kwa sababu mtu mzima asiyetafuta kitu msituni bila shaka anatafuta makaa. Nilirudi na malengelenge, saa nane mchana, nimechoka na nimekasirika, na ile saa yangu ilikuwa bado haijafika. Nilikuwa nimemaliza nguvu zangu zote kwenye saa zisizonidai kitu.

Ndiyo maana nilipovirudisha hivyo viwili, kitabu cha trauti kilinishika. Katika ukurasa wa kumi na kitu kilisema kwamba wakati mzuri wa kuvua ni kuanzia jioni jua likipoa hadi linapotua. Nilikisoma kipande hicho mara mbili nikiwa nimesimama katikati ya migomba.

Trauti si samaki wa kwetu. Waliletwa na wazungu wakamwagwa kwenye mito yetu ya baridi wakazaana humo, na sisi tulikua tukiwaona wakipita chini ya daraja la Gura bila kufikiri kwamba ni chakula. Baba yangu alisema samaki na nyoka ni ukoo mmoja, na hakuna aliyembishia. Kwa hiyo nilipokwenda ofisi ya uvuvi kuomba kibali, karani aliniuliza ninavulia hoteli gani. Nilikata mwanzi, nikanunua mshipi na ndoano mjini, na kwa kuwa kitabu kilisema muungwana huvua kwa nzi wa kutengenezwa kwa manyoya, nikamkimbiza jogoo wa mke wangu nikamnyofoa manyoya ya shingo. Kitabu kilisema pia kwamba kutumia nyungunyungu ni aibu. Wiki mbili nilisimama ndani ya maji ya baridi hadi magotini nikiwarushia trauti manyoya ya jogoo, nao wakapita kando. Nilitukana kwa Gikuyu, nikatukana kwa Kiswahili. Lakini saa kumi ilinikuta mtoni, na saa kumi na mbili ikanikuta mtoni, kisha nikapanda mlima kwenda nyumbani miguu ikiwa imekufa ganzi na kichwa kikiwa safi.  Mke wangu akaanza kuniachia chai kwenye chupa.

Ilipoingia Februari jua lilikuwa kali na ardhi ilikauka kama tofali. Nami nilikuwa nimechoka kuwa muungwana. Nilitaka nyungunyungu, wanene, na shambani mwangu kote jembe liligonga udongo likaruka. Mahali pamoja tu palikuwa na unyevu, chini ya matoka.

Lazima nieleze matoka kwa wasio wa huku. Ni mmea wenye majani mapana na mizizi minene ya mviringo, na hupandwa mpakani. Baba alipotugawia shamba, mimi na kaka yangu, wazee wa ukoo walisimama wakaona, na matoka yakapandwa kuanzia barabarani hadi bondeni. Seng'enge huoza na jiwe la mpima ardhi huibwa, lakini matoka hayaguswi. Anayeng'oa mpaka hulaaniwa yeye na watoto wake, na jambo hilo mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuvaa suruali. Mimi nililijua. Nasema hivi ili nisionekane najitetea.

Kaka yangu amenizidi miaka minane. Ni mtu wa kahawa yake na kanisa lake, mkavu, asiyecheka ovyo. Tulikuwa tukisalimiana, tukiongea habari za mvua na ng'ombe na nani amefariki. Kuhusu ulevi wangu hakuwahi kunitamkia neno hata moja, miaka yote hiyo, nami nilichukulia kwamba ananidharau kiasi cha kutoona haja ya kunisema. Hilo liliniuma kuliko kelele za watu wengine.

Siku ile ilikuwa saa tisa na dakika arobaini na tano na nilikuwa na haraka. Nilichimba chini ya shina la kwanza nikapata nyungunyungu wawili. Nikang'oa shina, nikaliweka kando nikikusudia kulirudisha. Chini yake walikuwa wamejaa. Nikang'oa la pili, na la tatu. Mikono ilipata joto, kichwa kikatulia, na kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi sikuwa ninawaza chochote. Mkebe ulipojaa nilikuwa nimeng'oa hatua sita za mpaka, na mashina yote nilikuwa nimeyatupa upande wa kaka yangu. Nikachukua mwanzi wangu nikateremka mtoni.

Na siku hiyo nikashika trauti. Mmoja, mwenye madoadoa, urefu wa kiganja na nusu. Nilipiga kelele peke yangu mtoni. Nikamtunga kwenye unyasi, nikapanda mlima nikikimbia, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nikitafuta mtu wa kumwonyesha.

Langoni nilimkuta kaka yangu, majirani wawili, na mke wangu amekunja mikono. Matoka yalikuwa yamelala kwenye kahawa ya kaka yangu majani yakiwa yamenyauka. Kwa yeyote aliyeona, ilikuwa wazi kwamba nimesukuma mpaka. Nikasema nilikuwa nachimba nyungunyungu. Nikafungua mkebe. Wote wanne wakainama wakatazama ndani ya mkebe, kisha wakanitazama mimi.

Kaka yangu akasema kwa sauti ya chini, "Umeanza tena."

Mbele ya mke wangu. Miezi mitano na siku kadhaa, na siku niliyokuwa na akili timamu kuliko zote, hiyo ndiyo siku niliyoitwa mlevi. Nilipandwa na hasira. Nilimwambia heri ningekuwa nimelewa. Nilimwambia amekuwa akingoja hilo muda mrefu, sasa afurahi. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Kisha miguu yangu ikanichukua, nami nilijua inakokwenda.

Nilifika hadi nje ya baa. Nilisikia televisheni, na mtu mmoja akaita jina langu la utani kutoka ndani, kwa furaha ya kweli. Nilikuwa bado nimeshika yule samaki. Watu wa kanisani huniuliza ni nguvu gani ilinizuia, nami huwajibu kwa heshima, lakini ukweli ni kwamba niliona aibu kuingia baa na samaki. Wangenicheka mwaka mzima. Nikazunguka soko mara tatu, nikarudi nyumbani. Mke wangu alinisimamisha mlangoni akaninusa mdomo bila kuficha. Nikasimama aninuse. Halafu akamchukua samaki akampa paka.

Wazee wa ukoo wakapanga upatanisho Jumamosi mchana. Desturi tunaijua. Huchinjwa mbuzi, mashina hupandwa upya ndugu wawili wakiyashika pamoja, kisha muratina, pombe yetu ya asali, hunywewa kwa pembe moja, wewe kisha yeye, mpaka mtungi uishe. Anayekataa pembe amekataa amani, mpaka hubaki wazi, na watoto hurithi ugomvi. Wiki nzima sikufikiria mbuzi wala matoka. Niliifikiria ile pembe.

Alhamisi nilikwenda kurudisha kitabu. Kilikuwa na sura nzima juu ya mafundo ya mshipi na hakikuwa na mstari mmoja juu ya kaka wa mtu. Msichana wa kaunta aliona matope kwenye jalada, akaniuliza kama nilishika chochote. Nikamwambia mmoja. Akataka kuniongezea wiki mbili nami nikakataa, kwa sababu sikujua baada ya wiki mbili nitakuwa mtu wa aina gani. Nikatoka nikazunguka mji mpaka viatu vikanibana.

Mke wangu alisema niwaambie wazee. Nikamwambia mambo kama hayo hayaambiwi wazee. Mshauri wa kliniki alisema hata kulowesha midomo kunatosha kunirudisha. Na kuna jambo sikumwambia yeye wala mke wangu, nalo ni kwamba ndani yangu kulikuwa na mtu aliyekuwa akifurahi. Hii ilikuwa pombe ambayo hakuna mtu angenilaumu kwayo. Pombe ya amani, nimepewa na wazee, mchana. Nilijichukia, na bado nilikuwa nahesabu siku kama mtoto anayengoja Krismasi.

Jumamosi tulipanda matoka. Tulipiga magoti, kaka yangu upande wake na mimi wangu, mikono minne kwenye shina moja, hatua sita zote. Hatukutazamana. Nyama ikaliwa. Kisha mzee mkubwa akainua mtungi akajaza pembe, na harufu ya asali na uchachu ikanifikia kabla ya pembe yenyewe. Mate yakajaa mdomoni. Mkono wangu ulitoka wenyewe ukaipokea.

Niliishika, sijui kwa muda gani. Muratina ilimwagika vidoleni. Vidole sikuvilamba, na hilo nataka lijulikane.

Nikasema, "Wazee, mimi ni mlevi. Nikionja hii leo, kesho hamtanipata."

Sikuwahi kulisema neno hilo mbele ya mwanamume wa ukoo wangu.  Mzee mmoja akasema taratibu kwamba tangu azaliwe hajaona mpaka ukifungwa na mdomo mmoja. Mwingine akapendekeza soda, wenzake wakamkata jicho akanyamaza. Mzee mkubwa alikuwa ameanza kukunja blanketi lake kama mtu anayejiandaa kuondoka.

Kaka yangu akanyoosha mkono akaitoa pembe mikononi mwangu.

"Sisi ni wa mama mmoja," akasema. "Yake nitakunywa mimi."

Akainywa. Kisha akanyoosha pembe ijazwe tena, akainywa iliyo yake. Wazee wakabishana kidogo, wakakubali, lakini mzee mkubwa alikuwa mkaidi: kama ni ndugu wawili, basi kila mzunguko ni pembe mbili. Kaka yangu ni mtu wa glasi moja kwenye arusi. Alikunywa za kwake na zangu, mzunguko baada ya mzunguko, akikunja uso kama anayemeza dawa, mpaka mtungi ukaisha na wazee wakasema mpaka umefungwa. Alipojaribu kusimama magoti yalikataa.

Nikaupitisha mkono wake shingoni mwangu, tukavuka matoka mapya kuelekea kwake. Shemeji yangu alikuwa sokoni. Kaka yangu alipumua puani mwangu njia nzima, na kila pumzi ilikuwa muratina, na mimi nilikuwa naitamani kiasi kwamba niliuma shavu langu kwa ndani hadi nikasikia ladha ya damu. Sidanganyi mtu kwamba nilikuwa nimeshinda kitu. Nilitaka tu kumfikisha kitandani nikimbie.

Nilimkalisha ukingoni mwa kitanda. Akanishika shati, macho yakiwa hayakai mahali pamoja.

"Wewe uko mzito kuniliko," akasema. "Hiyo miaka yote nikikutoa kwa mtaro, nilikuwa naona mgongo itavunjika. Juzi nikaona matoka iko chini, nikasema basi. Nimeanza tena kazi."

Sikuelewa mara moja. Kwa miaka mingi niliamka kitandani mwangu, nimefunikwa, viatu vimepangwa sambamba ukutani, na nilijivuna kwa wenzangu wa baa kwamba mimi hata nikilewa vipi miguu yangu hainipotezi. Nikamuuliza kama mke wangu alijua. Akaitikia kwa kichwa. Nikamuuliza mbona hakuniambia hata siku moja.

"Ningekuambia nini," akasema, akalala kando, na usingizi ukamchukua miguu ikiwa bado sakafuni.

Nikainama nikaanza kumvua viatu. Kamba zilikuwa na udongo mbichi, na fundo la kiatu cha kushoto lilikaza. Ilinichukua muda mrefu. Nikavipanga ukutani, nikaketi sakafuni karibu na kitanda, na shemeji yangu aliporudi kutoka sokoni alinikuta hapo.